Daktari wa Shilingi

Mwaka ule nzige walipokula mahindi ya Trans-Nzoia hadi mabua, na bei ya gunia ikaporomoka mpaka masetla wa kizungu wenyewe wakaanza kunywa chai bila sukari, Wekoye alinunua tumbaku sokoni Kitale, akarudishiwa chenji, na ndani ya chenji akakuta shilingi yenye nyota.

Hakufurahi. Watu wanaoishi kwa kudanganya wenzao huthamini sana uaminifu wa wengine, kwa sababu ndio mtaji wao. Akamrudia mama wa tumbaku mbiombio.

"Mama, hii umenipa ni nini?"

"Shilingi."

"Shilingi naiona. Na hii nyota hapa chini ya tumbo ya simba?"

Mama akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho. "Pengine simba imezaa," akasema. "Ukiikataa, rudisha tumbaku."

Tumbaku ilikuwa tayari shavuni. Wekoye akaenda zake akiisugua shilingi kwa kidole gumba, na kwa kuwa hakuwa na kazi (miaka mitatu hakuwa na kazi, tangu mizani ya ghala la mahindi ilipogunduliwa kuwa inapima vizuri pale tu karani Wekoye asipokuwepo), akaanza kuulizia. Kufikia adhuhuri alikuwa ameona nyingine mbili, moja kwa mpakizi wa lori na moja kwa mwuza kuku. Hakuna aliyejua nyota ilitoka wapi. Lakini kuna jambo lililomfanya Wekoye asimame katikati ya barabara mpaka mkokoteni wa ng'ombe ukampigia kelele. Wote wawili, alipowauliza, walirudisha ile shilingi mfukoni haraka na kusema, "Kwani iko na nini?"

Hawakujua ina nini. Ila kama mtu mwenye penseli sikioni anaiulizia, lazima ina kitu.

Mwenye nyota alipatikana nyuma ya maduka, katika kibanda kilichonuka ngozi mbichi. Kibiwott alikuwa fundi wa hatamu na matandiko, na maneno aliyatumia kama mtu anayenunua kila neno.

"Ni mimi," alisema. "Nilitengeneza chuma ya kupiga chapa kwa mikanda. Nikataka kujua kama imekomaa. Ngozi haiwezi kukuambia. Shilingi inakuambia."

"Na mzungu aliyeagiza?"

"Amefilisika. Amerudi kwao."

"Chuma je?"

Kibiwott akakitoa chini ya benchi: kipande cha chuma, urefu wa kidole, na nyota ndogo safi kwenye ncha. "Shilingi mbili. Lakini usinipe hiyo ya nyota. Hiyo imeharibika."

Wekoye akalipa, akarudi barabarani akiwa mtu mwingine. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mwingine. Alikuwa yule yule, ila sasa alikuwa na kifaa.

Fikiria hali ya nchi. Serikali ilikuwa imewachanja watu ndui. Ilikuwa imewachanja ng'ombe. Vibanda ilivihesabu na kuvitoza kodi, wanaume ikawavisha kipande, kile cheti cha kazi, shingoni ndani ya kikopo kama kengele ya mbuzi. Kitu kilichokuwa bado hakijachanjwa ni pesa peke yake, na kuna mtu gani mwenye akili angeshangaa zamu yake ikifika? Tena watu hawakuwa wamesahau rupia. Haikuwa zamani rupia ilipokufa, na waliokuwa wameifukia chini ya kitanda walifukua vyuma. Yeyote aliyewahi kufukua chuma hulala jicho moja wazi.

Hayo yote Wekoye aliyafikiri juu ya magunia, ndani ya lori la kwenda Bungoma, na alipokuwa akishuka alikuwa ameshakuwa daktari.

* * *

Mkahawa wa Dinah ulikuwa mkabala na stesheni ya Bungoma: meza tatu, chai, mihogo, na mandazi yaliyokuwa na sifa hadi Malaba. Dinah mwenyewe alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwanzilishi wa nyimbo kanisani, mwenye sauti nene na jicho ambalo halikukopesha. Alimsikiliza Wekoye mpaka mwisho bila kuacha kugeuza mandazi.

"Kwa hivyo mimi nikatae pesa ya watu," alisema.

"Ukatae kidogo tu, dada. Siku tatu."

"Na wakienda kula kwingine?"

"Kwingine wapi? Hapa si ni wewe peke yako?"

"Na uongo? Mimi Jumapili nasimama mbele ya watu."

"Dada Dinah, uongo hutasema hata mmoja. Wewe utauliza tu: hii imechanjwa? Kuuliza si dhambi. Hata mchungaji anauliza."

Dinah akayatafakari mafundisho hayo, akatoa mandazi kwenye mafuta, akayapanga. "Robo ni yangu," akasema. "Na ukinizunguka, karani, mimi si mtu wa kulia."

"Nikuzunguke? Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Siku ya pili, saa ya chai, mchuuzi wa ng'ombe alikula, akashiba, akatoa shilingi. Dinah akaigeuza, akainua nyusi.

"Hii imechanjwa?"

"Imechanj... nini?"

"Haidhuru. Leo nitaichukua kwa sababu nakujua. Kesho sitaweza."

"Ati shilingi inachanjwa?"

Dinah alimgeukia mteja wa meza ya pembeni, bwana mmoja mwenye koti jeupe (alilolikodi kwa mchinjaji na kulifua mara mbili), ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameweka mezani shilingi yake. Dinah akaishika, akaona nyota, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Asante, daktari. Hii ni nzima."

Mchuuzi wa ng'ombe alisogeza kiti. Wekoye akamweleza kwa huruma. Kuna ugonjwa wa shilingi. Umetoka Mombasa kwa reli. Unaanzia kwa simba, tumboni, unapanda mpaka kwa Mfalme, na ukifika kwa Mfalme basi tena, shilingi imekufa. Mwisho wa mwaka, zisizochanjwa hazitapokewa kwa kodi. Hapana, haijatangazwa bado. Ingetangazwa vipi? Rupia ilitangazwa?

"Haikutangazwa," mchuuzi alinong'ona.

"Umesema mwenyewe."

"Na dawa?"

"Senti kumi kwa kila shilingi. Ndogo ndogo za tundu usijali, hizo Sirikali ilizitoboa yenyewe tangu mwanzo."

Kufikia Jumamosi kulikuwa na foleni. Wekoye alikaa chini ya upenu wa ghala la ngozi, na gogo mbele yake, nyundo mkononi, penseli sikioni. Watu walikuja na shilingi zao ndani ya leso, ndani ya soksi, ndani ya pembe za ng'ombe zilizozibwa kwa nta. Waliziinamia zilipokuwa zikipigwa, wakikunja nyuso kama wazazi. Mama mmoja aliuliza kama itauma.

"Kidogo tu," alisema daktari. "Lakini usiitumie siku mbili. Ipumzike."

Hapo mtu mwenye kiasi angeridhika. Senti kumi kumi hujaza kopo. Lakini kiasi ni tabia ya watu wasio na kipaji, na siku ya nne Wekoye alimwona kikongwe mmoja, Kukhu (yaani Bibi) Nasambu, akifungua leso yenye shilingi kumi na mbili, akiba ya maisha yake, na kipaji kikamwasha.

Aliichukua ya kwanza, akaiweka sikioni, akafumba jicho. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Kukhu, pole. Hii imetangulia."

"Imetangulia wapi?"

"Imekufa. Haisemi kitu."

Tangu dunia iumbwe hakuna shilingi iliyowahi kusema kitu, lakini foleni nzima ilinyamaza kuthibitisha, na kweli, shilingi ilikaa kimya. Kati ya kumi na mbili, sita zilikuwa maiti. Kikongwe akashika mdomo.

"Sasa nitazika?"

"Sirikali ina huruma, Kukhu. Inachukua maiti wawili inakupa mzima mmoja." Na Wekoye akachukua tatu katika zile sita, akageuka kidogo, akazipiga nyota, akamrudishia. Kukhu Nasambu aliondoka na shilingi tisa, akishukuru hadi kona ya barabara.

Kuanzia hapo ugonjwa ulienea. Ulikuwa ugonjwa wenye adabu zake: haukushika shilingi za vijana wenye misuli, wala za askari, wala za watu waliozoea kubishana. Uliwapenda wajane, wazee, na wageni kutoka mlimani waliokuwa na haraka ya kurudi. Na mfuko wa turubai wa Wekoye, ambao alikuwa akiuita hospitali, ukaanza kuwa mzito.

Mtu aliyeuelewa ugonjwa huo haraka kuliko wote alikuwa Mzee Walubengo. Walubengo aliwahi kuwa mkalimani wa baraza, na inasemekana kesi zilikuwa zikiingia kwake kwa Kibukusu, zikitoka kwa Kiingereza zimekonda. Alikuja kwa Wekoye foleni ilipokwisha, akaketi juu ya gogo la tiba bila kuombwa.

"Daktari," alisema, "hizi shiringi maiti. Wewe unatoa mzima mmoja kwa maiti wawiri?"

"Sheria ndiyo hiyo, mzee."

"Na kama mtu awaonee watu huruma huko nyumbani, awanunurie maiti zao kwa senti sarasini, arete hapa? Sheria inasema nini?"

Wekoye alihisi kitu kama mapenzi. "Sheria inamsifu, mzee. Huyo ni mkristo."

Wiki moja baadaye Mzee Walubengo alileta maiti mia mbili na arobaini. Nusu yao walikuwa hawajawahi kuona daktari. Walubengo alikuwa amejifunza kuwasikiliza mwenyewe, na sikio lake lilikuwa kali zaidi. Wekoye alipiga nyota mia moja na ishirini mfululizo, mkono ukavimba, akamwacha mzee akikenua kwa faida yake, naye akabaki na nyingine mia na ishirini za bure. Wote wawili walishikana mikono kwa muda mrefu. Ni nadra kuona watu wawili wakiibia mji mmoja na kila mmoja amwonee mwenzake huruma kwa ujinga wake.

"Robo yangu," alisema Dinah jioni ile, akifuta meza.

"Dada, tusigawanye vipande vipande. Kesho ni soko ya Misikhu. Nikirudi tutagawanya yote."

"Ukirudi."

"Si nitarudi! Hata koti naliacha hapa."

Dinah aliliangalia koti la mchinjaji likining'inia kwenye msumari. "Nenda salama, karani," alisema, na hilo lilimwudhi Wekoye kidogo. Alipenda anaowadanganya wabishe hata kidogo, ili ushindi uwe na ladha.

* * *

Misikhu mambo yalikwenda vizuri hadi saa sita. Wekoye alikuwa chini ya mti mdogo karibu na daraja la mto Kuywa, akimfariji mwuza vyungu aliyefiwa na shilingi mbili, alipoona kofia nyekundu ikipenya katikati ya watu. Askari kanga, polisi wa chifu. Mguu mrefu, rungu, na macho yakimtazama yeye tu.

"Wewe!" askari akaita. "Wewe wa shilingi! Simama hapo!"

Kupiga chapa uso wa Mfalme, hata kama ni upande wa simba, ni jela, na Wekoye alilijua hilo kwa sababu kazi yake ilimtaka kuijua sheria kuliko wakili. Hakusimama. Alishika hospitali, akaruka vyungu, akafika darajani, na huko nyuma askari akawa anahema na kupaza sauti, "Simama, bana! Simama!" Chuma cha nyota kilikuwa mkononi mwa Wekoye. Kilikuwa ushahidi. Wekoye akakitupa katikati ya maji ya Kuywa, kikalia chubwi, naye akaingia kwenye mahindi na hakusimama mpaka akawa hasikii tena chochote isipokuwa moyo wake.

Askari huyo aliitwa Mukhisa. Mkononi alikuwa na leso, na ndani ya leso shilingi saba, na alikuwa ametembea tangu alfajiri kwa sababu mkewe alimwambia asirudi nyumbani kabla hazijachanjwa. Alibaki darajani akitazama mto, akiwa karibu kulia.

Wekoye hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba Serikali imeamka. Akapanda upande wa Tongaren, kwenye shamba la setla mmoja ambako binamu yake alikuwa akilima, akaomba kujificha. Binamu akasema karibu sana, nyapara ana upungufu wa watu. Kwa hiyo, kwa majuma matatu, tajiri mwenye shilingi mia tatu na kumi na nane alipalilia mahindi ya mzungu tangu kengele hadi kengele, kwa posho ya unga na maharagwe yenye wadudu. Mikono ilitoka malengelenge. Mgongo ulitoka sauti. Kila alipoinama alijiliwaza kwa baiskeli. Ilikuwa Kitale, kwa Gachanja mwuza baiskeli, nyeusi, yenye kengele na taa, bei shilingi mia na sitini, na akiwa juu yake hakuna mtu angewahi tena kumwita karani. Zitakazobaki angefungulia duka. Duka la kweli. Alikuwa hata amefikiria kuwa mwaminifu, kwa muda.

Alinyoa masharubu, akavaa kofia ya binamu, akaingia Kitale siku ya Alhamisi.

Gachanja alikuwa akiziba tairi. Alimkaribisha vizuri, akamwacha azunguke baiskeli mara tatu, akamwacha apige kengele. Wekoye akafungua mfuko wa turubai, akaanza kupanga shilingi juu ya meza, kumi kumi. Alipofika safu ya tano Gachanja aliweka mkono juu ya meza.

"Ngoja kwanza. Hizi mbona hazina nyota?"

Wekoye akashusha kofia kidogo. "Nyota gani?"

"Umetoka wapi wewe? Si kuna ugonjwa."

"Bwana Gachanja," alisema Wekoye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake haikujua iende wapi, "hayo ni maneno ya watu wajinga. Shilingi ni shilingi. Mtu mwerevu kama wewe..."

"Mimi najua shilingi ni shilingi," alisema Gachanja kwa upole. "Haujanifundisha kitu. Lakini nikienda kununua mahindi, yule mama wa mahindi anajua? Juzi nimempa moja bila nyota, akairudisha kwa vidole viwili kama panya. Dereva wa lori anakataa. Mchinjaji anakataa. Jana hata watu wa Eldoret wamekataa. Sasa mimi nikae na akili yangu na shilingi zako, nile nini?"

"Benki je?"

Gachanja alimtazama kuanzia kofia iliyotoboka hadi miguu yenye udongo wa Tongaren. "Enda," alisema. "Enda na huo mfuko kwa mzungu wa benki. Atakuuliza neno moja tu: umetoa wapi? Uko na jibu?"

Wekoye alikuwa na majibu kumi na moja. Yote yaliishia jela.

"Lakini usihuzunike," Gachanja aliendelea, akirudia tairi lake. "Kuna mama hapo sokoni anafufua. Nasikia anapiga msalaba kando ya pale nyota ingekuwa. Nyota ni ya kuzuia, msalaba ni ya zile zimekufa. Ukiwa na msalaba, hapa unapita hata kuliko nyota. Nikikuona na msalaba mia na sitini, baiskeli ni yako."

* * *

Foleni ilianzia kwa wauza mitungi. Watu walisimama kwa utulivu, leso mkononi, wengine wakiimba chini chini. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, kisahani cha chumvi, nyundo ndogo, na nyuma ya meza, ndani ya koti la mchinjaji lililokuwa sasa limepigwa pasi, Dinah.

Hakustuka. Alimngojea afike zamu yake, kama wengine, jambo lililochukua saa nzima. Alipofika aliuangalia ule mfuko, kisha mdomo wake usio na masharubu.

"Mulembe, bwana mgeni," alisema kwa sauti ya watu wote. "Umefiwa na ngapi?"

Wekoye aliinama juu ya meza. "Dinah," alinong'ona, "hiyo msalaba umetoa wapi?"

"Kwa Kibiwott. Shilingi mbili. Si uliniambia mwenyewe mahali ulinunua, siku ile ukijisifu?"

"Sawa. Sawa, dada. Nilikuwa nakuja kwako. Askari walinifukuza..."

"Mukhisa? Alikuja kwangu na shilingi saba. Nimemtibu."

Wekoye akameza mate. Ilimchukua muda kuyameza yote, pamoja na daraja, mto, na majuma matatu ya jembe. "Basi tufanye hivi," alisema hatimaye. "Hizi zipige msalaba. Nusu chukua wewe. Si robo, dada, nusu!"

Dinah akachukua moja, akaiweka sikioni. Wekoye alikuwa amefanya hivyo mara mia tano, lakini hakuwahi kuona jambo hilo likifanywa kwa ustadi ule. Alifumba macho yote mawili. Alisubiri. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama anayemwombea mtu. Foleni nzima ilisogea kusikia ukimya.

"Zimekufa lini?" aliuliza.

"Dinah..."

"Kwa sababu iliyokufa jana, juzi, hiyo nafufua kwa sumuni, senti hamsini tu. Lakini hizi zina mwezi mzima. Tena zimekaa kwa mfuko moja, maiti juu ya maiti. Hizi zimeoza, bwana. Hizi ni za kuyeyusha tu." Akaiweka mezani. "Nitakupa senti kumi kwa kila moja, kwa huruma."

"Senti kumi! Hiyo ni wizi!"

"Punguza sauti," alisema Dinah, bila kupunguza tabasamu. "Yule mama wa tatu nyuma yako unamkumbuka? Kukhu Nasambu. Amekuja kwa miguu tangu Bungoma, na tisa zake za nyota anazifunga kwa leso tofauti, mbali na zile majirani wamempa alete kufufua. Macho yake si mazuri, lakini sauti anaijua. Ongea zaidi kidogo tu."

Wekoye hakugeuka. Alisimama akitazama meza, na ndani ya kichwa chake alipitia uongo wote aliokuwa nao, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu funguo. Hakuna uliofungua. Ndipo akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya hata alipokuwa mtoto. Akageukia umati, akavua kofia, akasema ukweli.

"Sikilizeni!" alipaza sauti. "Shilingi haziugui! Hazifi! Hizi zote ni nzima, na zenu zote ni nzima, na nyota ni chuma ya mikanda tu! Hakuna chanjo! Hakuna ugonjwa! Wallahi, shilingi ni shilingi!"

Mama mmoja akashika shavu.

"Maskini," alisema. "Zimemfia nyingi."

"Ngapi?" mwingine akauliza.

"Angalia mfuko. Si chini ya mia tatu."

"Yoo! Mia tatu kwa mpigo! Hata mimi kichwa ingeharibika."

"Mpeni maji akae chini."

Wakamkalisha juu ya mtungi uliopinduliwa. Mzee mmoja kutoka Kachibora alimpigapiga begani, akamwambia kwamba yeye mwenyewe zilipomfia nane alikaa siku mbili akisema zinapumua. Hupita, mwanangu. Kubali tu. Mama wa mitungi akamletea maji kwenye kibuyu. Na Kukhu Nasambu, aliyekuwa ameisikia ile sauti na kuinamisha kichwa kama anayetafuta jina lililopotea, alitoka kwenye foleni kwa mkongojo wake, akasimama mbele yake kwa muda. Wekoye akashusha kofia mpaka puani.

"Mjukuu," alisema kikongwe, "sauti yako nimeisikia mahali."

Wekoye akatikisa kichwa. Hakuthubutu hata kukohoa.

"Basi ni matanga mengi siku hizi. Sauti ya mtu mwenye msiba ni moja." Akafungua leso yake, akatoa senti kumi, akambonyezea kiganjani. "Ya rambirambi," alisema, akarudi foleni.

Wengine wakaona, wakafuata. Ndururu kwa ndururu, senti kumi kwa senti kumi, wakiinama mbele yake na kusema pole. Alipokea kila moja.

Mwishowe akasimama, akaubeba mfuko wa turubai hadi mezani, akaumimina. Dinah alimlipa shilingi thelathini na moja, zote zikiwa na msalaba, na senti themanini, akamhesabia polepole ili watu waone hakuna aliyedhulumiwa. Wekoye alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kwa sababu umati ulikuwa ukingojea aseme.

"Mungu akufariji, bwana," alisema Dinah. Tayari alikuwa ameinua nyundo, na macho yake yalikuwa nyuma ya bega la Wekoye. "Anayefuata!"